Papa, Walikuja Kuomba Uso Wako

Papa,

Jana walikuja tena kuomba uso wako.

Ni mimi, Masika. Mama ameenda kwenye maombi ya wamama pale chapeli, mwanao Muhindo hayuko, na mimi nimekaa jikoni na kalamu yake ya shule. Siku hizi sokoni nikitaka kusema neno, naangalia kwanza nani amesimama nyuma ya magunia ya viazi. Wewe peke yako nakuambia bila woga, kwa sababu huko uliko hakuna mtu wa Depo atakayekuja kukuuliza Masika alisema nini.

Unamkumbuka yule bwana wa publicité, anayetangaza bidhaa za Depo Rouge na timu yao ya pikipiki, mwenye viatu vinavyong'aa hata barabara ikiwa matope matupu? Ndiye. Alianza kuja tulipomaliza tu matanga. Wanataka ile picha yako ya uwanjani, unamshangilia Radi wao, umevaa kaski nyekundu ya pikipiki, mikono juu, mdomo wazi. Wanataka kuiweka kwenye karatasi ya savoni ya kufulia na kuogea na kwenye bidoni za mafuta ya injini, na chini yake waandike kwamba Papa Paluku hakubadili rangi mpaka kufa. Mbio za pikipiki za mwaka huu zitakuwa za ukumbusho wako.

Mara ya kwanza Mama alilia kwa furaha. Muhindo alisema ndiyo kabla yule bwana hajamaliza kueleza. Mimi nikamwuliza: kwa nini baba yangu, si Radi mwenyewe? Radi ndiye anayeendesha, ndiye anayeshinda, jina lake wanalijua mpaka Kayna. Akacheka, akanijibu:

"Mukimbiaji anaweza kuhama timu, Masika. Mufu hahame."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayetoa sifa.

Lakini mashaka sikuyaanza siku ile. Niliyaanza kwenye matanga yako. Depo walileta tente, walileta viti, walileta tisheti nyekundu za kuvaa watu wa jamaa. Mama alivaa ya kwake juu ya kikwembe cha kilio kwa sababu aliona ni heshima. Radi alikuja, akaweka kaski yake juu ya sanduku lako, na watu wote wakalia. Na mimi nililia. Halafu nikaona mpiga picha anamwambia ainue tena ile kaski, aiweke upya, mwanga haukuwa mzuri. Radi akairudisha, akainamisha kichwa palepale alipokuwa amekiinamisha. Baadaye wakamwomba Mama ashike kartoni ya savoni waliyoleta, aangalie kamera. Akashika, mjane wako, macho yamevimba. Tangu pale moyo wangu haukukaa.

Nikaanza kukumbuka nyumba yetu. Ilikuwa nyumba nyekundu, Papa, hata sufuria zingesema. Sukari ya Rouge, mafuta ya Rouge, biskuti za Rouge siku ya Noeli. Kwenye kibanda chako cha vipuri dereva aliyetaka mafuta ya injini ya Bleu, depo ya wapinzani, ulimwonyesha njia kwa kidole. Savoni ya Rouge ilimchoma Mama mikono mpaka ngozi inapasuka katikati ya vidole, naye anapaka mawese jioni na kunyamaza. Siku moja nilirudi na pile, betri za redio, karatasi yake ya bluu kwa sababu za nyekundu zilikuwa zimekwisha butikini. Mvua ilikuwa inanyesha. Ulizishika kama mtu anayeshika panya.

"Redio yangu haitaita jina ya Radi na nguvu ya pile ya Bableu. Rudisha."

Nikarudi kwenye mvua. Mbio zenyewe ulienda kuzisikiliza kwa jirani, na jioni ukarudi unaimba, ukaniletea muwa. Nilikusamehe kabla sijaumaliza. Ulikuwa hivyo. Mtu alishindwa kukukasirikia.

Isipokuwa baba mudogo Kambale. Yeye alijua kukukasirikia, na wewe ulijua kumjibu. Kile kibanda cha vipuri kilikuwa chenu wawili, ninyi ndugu wa tumbo moja, mpaka mkimbiaji wa Bleu alipotokea kwenye kartie yake, mtaani kwake, na yeye akavaa bluu. Mwanzoni ilikuwa mchezo. Mkitaniana, wateja wanacheka. Halafu mwaka ule Radi alianguka kwenye kona, Bableu wakapiga filimbi, na baba mudogo alikuwa kati yao akipiga filimbi. Ulimkuta barabarani mbele ya watu. Sijui mlisemezana nini, wewe hukutuambia. Mwisho wa juma ule mliweka mbao katikati ya kibanda. Upande huu bidoni nyekundu, upande ule bidoni za bluu, na ndugu wawili wanakaa mgongo kwa mgongo wakisikilizana wakikohoa.

Na hospitali. Nataka niipite, lakini siwezi. Tension, presha ya damu, ilikuwa imekulaza, upande mmoja wa mdomo umelegea. Baba mudogo akaja na maziwa, mkate, na savoni ya kukuogeshea. Yote katika sashe ya bluu ya plastiki. Hakufanya makusudi, Papa, nakuapia. Alipita tu kwenye butiki anayopita kila siku. Uligeukia ukuta. Ulikuwa husemi vizuri tena, mais maneno yale niliyasikia yote.

"Arudishe. Sitaogeshwa na savoni ya Bableu hata nikiwa maiti."

Mama ndiye aliyemrudishia sashe mlangoni. Baba mudogo alisimama uani mwa hospitali na ile sashe kama mtu aliyekosea anwani. Hamkuonana tena. Kwenye matanga alikaa nje ya tente, juu ya jiwe, kwa sababu ndani kila kiti kilikuwa na kitambaa chekundu.

Kwa hiyo walipoomba uso wako nikaanza kuangalia vitu vidogo. Nilifua kwa jirani, Mbleu, savoni yake ikanichoma palepale inaponichoma ya kwetu. Ukiikausha juani inapasuka katikati, kama ya kwetu. Nikaona bei ya sukari inapanda. Ilipanda asubuhi moja, Rouge na Bleu pamoja, kama maadui wanaoamka kitanda kimoja. Nilipomwambia Muhindo, akasema kilio kimenizidi. Labda. Mtu aliyefiwa hutafuta wa kumlaumu, na mimi nilijua hivyo, nikajishuku mimi pia.

Halafu nikaenda Beni.

Sikwenda kupeleleza. Nilipeleka vitunguu na mboga za poireaux kama kawaida yangu, nikitegemea kulala kwa mwanamke mmoja wa kanisa letu. Jina lake sitaliandika hata hapa, kwa sababu karatasi hupotea. Alikimbia vita upande wa Oicha, akaacha shamba lake la kakao, na sasa anafanya kazi ya kutwa. Aliniambia nimfuate kazini nichukue ufunguo wa nyumba. Ni uwanja uliozungushiwa ukuta mrefu nyuma ya soko, hakuna kibao. Nikaingia nikimtafuta.

Papa, kulikuwa na lundo moja. Savoni tupu, rangi ya majivu, limefika kifuani mwa mtu. Na wanawake wamekaa kwenye mikeka kulizunguka, wanafunga kila kipande kwa karatasi. Rafiki yangu ncha za vidole vyake zilikuwa nyekundu kwa rangi ya karatasi, na juu kidogo, karibu na kucha, bado kulikuwa na bluu. Pembeni kartoni za Bleu zimekwisha kupangwa, zinangoja gari.

"Ngojea kidogo," akaniambia. "Asubuhi tulifunga ya Bleu. Saa hii tuko ku Rouge."

"Kumbe savoni ni moja?"

Akaniangalia kama ninauliza kama mvua inalowesha. "Savoni ni savoni, Masika. Karatasi ndiyo inaenda ku course ya pikipiki."

"Na mapatron wawili, wenye depo?"

"Wawili wapi? Ule wa Bleu ni mutoto ya dada ya ule wa Rouge."

Nilicheka. Sijui kwa nini nilicheka. Halafu nikakaa kwenye mkeka kati yao, na mkono wangu ukachukua kipande kimoja ambacho hakijafungwa. Kilikuwa baridi kidogo. Nilikishika nikitafuta kitu, alama, harufu, chochote kile cha kusema hiki ni chetu. Hakikuwa na kitu.

Mlinzi akatokea. "Weye ni nani? Unatafuta nini huku?" Nikamwonyesha ufunguo aliokwisha kunipa rafiki yangu. Hakuangalia ufunguo, aliangalia uso wangu, muda mrefu, halafu akatoa simu. Rafiki yangu akainamisha kichwa akaendelea kufunga, haraka, kama asiyenifahamu tena.

Njia nzima ya kurudi Butembo niliona kila pikipiki iliyotupita inapunguza mwendo. Labda ilikuwa ni mashimo tu.

Nyumbani nilimwambia Muhindo kwanza, kwa sababu ni ndugu yangu. Nilimwambia nilichoona, bila kusema ni nani aliyenikaribisha. Alisimama katikati ya nyumba na tisheti yako nyekundu mwilini, anaivaa tangu ulipokufa, akaniuliza:

"Nani alikulipa? Bableu?"

Na kesho yake habari ilikuwa sokoni. Masika amegeuka. Masika anataka kuharibu ukumbusho wa baba yake mwenyewe. Mama mmoja ambaye amenunua viazi kwangu tangu naanza biashara aliangalia viazi, akaangalia kikwembe changu, na nilikuwa nimevaa kikwembe cha maua ya bluu, Papa, kile ulichoninunulia wewe, akapita. Nilipojaribu kumweleza, Barouge wakasema nimetumwa na Bableu. Mbleu mmoja niliyemweleza akasema ni ujanja wa Rouge, wamebaki nyuma wanataka kutuchanganya. Pande zote mbili zilikataa kwa maneno yaleyale. Hata kukataa kwao kulikuwa kwa lundo moja.

Nikaenda kwa baba mudogo Kambale.

Nilimkuta kwenye kibanda, upande wake wa mbao, anafunga breki ya pikipiki. Upande wako Muhindo alikuwa amefunga. Nikamweleza. Hakuniita mwongo. Hakuuliza nani amenilipa. Aliacha spana chini. Halafu akauliza kwa sauti ndogo:

"Savoni nilileta hospitali. Ilikuwa ile ya kwake?"

"Ni ileile, baba mudogo."

Akafunika uso na mikono yote miwili, mikono ya grisi, na alipoitoa uso wake ulikuwa mweusi na machozi yamechora njia mbili. "Paluku alikataa savoni yake mwenyewe," akasema. "Alikataa mutu, si savoni. Na mimi nilijua ni mimi anakataa." Akaokota tena spana. "Usifikiri tuligombana juu ya savoni, Masika. Tangu utoto tulishindana, kupanda muti, kuogelea, kila kitu. Ilikuwa utamu yetu. Bale batu bakaichukua, bakatuuzishia."

Kuna kitu kingine nilitaka kumwuliza nikaogopa, kwa hiyo nakuuliza wewe. Papa, ulijua? Ulikuwa unauza mafuta yale miaka yote. Niliwahi kukuona siku moja unachovya kidole kwenye bidoni ya Bleu iliyosahauliwa na dereva, ukanusa, ukasugua kwa kidole gumba, halafu ukafuta mkono kwenye suruali na kuangalia barabarani. Nilikuwa nimeisahau siku ile. Sasa inanirudia. Sitaki kukushuku wewe. Mais nikikaa peke yangu nakushuku, na najiambia: labda mtu aliyekwisha kumpoteza ndugu yake kwa sababu ya kitu hana tena nguvu ya kukubali kwamba kitu chenyewe ni bure. Kama ulijua, ni maumivu gani uliyabeba peke yako. Kama hukujua, ni afadhali. Sijui nikuombee lipi.

Jana, basi.

Yule bwana alikuja na kartoni ya savoni begani mwa mtu wake, na ahadi: Muhindo apewe pikipiki nyekundu, mpya, aingie timu ya vijana. Muhindo alikuwa anang'aa. Bwana akanigeukia, akatabasamu.

"Tulisikia ulikuwa Beni, Masika. Safari ilikuwa muzuri?"

Nilifikiri vidole vya rafiki yangu. Mama alimwangalia, akaniangalia mimi. Sikujua kama aliniamini nilipomweleza habari ya Beni. Akasema tu, "Bwana yangu amekufa, mukubwa wa jamaa ni mudogo wake. Hatuwezi kujibu bila yeye." Akamtuma jirani kumwita.

Baba mudogo akaingia uani kwetu kwa mara ya kwanza tangu mlipoweka mbao. Alikuwa na koti lake la bluu la kazi, hakulivua. Yule bwana alipomwona akatabasamu zaidi, nadhani aliona Mbleu hatakuwa na neno lolote juu ya Papa Paluku. Baba mudogo alimsikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma. Halafu akasema kwa heshima kabisa:

"Tunaweza kukubali. Mais tunaomba kitu moja. Hiyo sura ya kaka yangu muiweke ku savoni ya Bleu pia. Juu savoni ni ileile."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni bila kazi. "Nani alisema?" akauliza, na macho yakanifuata mimi.

Baba mudogo akanyoosha mikono yake mbele. Akamwonyesha mipasuko kati ya vidole. Na Mama, Papa, Mama aliyenyamaza miaka yote, akaja akasimama kando ya shemeji yake, akanyoosha ya kwake. Mipasuko ileile. Wamesimama pale kama watoto wanaokaguliwa kucha shuleni, mmoja Rouge, mmoja Bleu.

"Ngozi yetu ndiyo ilisema," baba mudogo akajibu.

Bwana aligeuka kuondoka. Mama akamwita. "Kartoni yako. Beba. Bwana yangu hauzwe." Mtu wake akarudi kuichukua.

Muhindo alivumilia mpaka walipofika barabarani. Halafu alinigeukia, akasema nimemzika baba mara ya pili na kumwibia yeye maisha, akatoka. Hajarudi. Wanasema alilala kwa marafiki wa timu. Leo asubuhi yule bwana amepita mbele ya nyumba yetu polepole, hakusimama. Sijui wanafanya nini na picha za matanga, wanazo nyingi. Nikipita kwenye butiki nageuza pakiti, ya nyekundu na ya bluu, naangalia kama uso wako upo. Bado haupo. Kuhusu yule rafiki yangu wa Beni, amenitumia salamu kupitia mchungaji kwamba bado ana kazi. Nimeamini nusu.

Baba mudogo alibaki baada ya wageni. Hakuleta kitu mkononi. Mama alimpa bukari, ugali wetu, na samaki wa Kyavinyonge, akala, akauliza kama bado unapenda kichwa cha samaki. Alisema hivyo, kama ungali hapa. Halafu Mama akaweka kile kichwa kwenye sahani ya baba mudogo, naye akakila.

Papa, nakuahidi mambo mawili. Uso wako hautafungia kitu ambacho mtu atakirarua na kukitupa mtaroni. Nitaangalia, hata ikiwa ni kila pakiti sokoni.

Na Muhindo akirudi, hata akija na tisheti yao, hata akija amekaa juu ya pikipiki yao nyekundu na kartoni yao mikononi, sitageukia ukuta. Nitaipokea ile kartoni, nitaiweka chini, nitamwambia: kaa, chakula bado ni moto.

Wasingya, Papa, asante kwa muwa na kwa kikwembe na kwa yote. Nakuacha upumzike.

Mtoto wako,
Masika